Kiuno Kinauma na Msimu Umepamba Moto? Soma Hapa Kabla ya Kununua Dawa



Leo tuache kidogo habari za mbolea na viuatilifu. Kuna mtambo mmoja haumo kwenye daftari lako la gharama, lakini ukigoma shamba zima linasimama. Ni mgongo wako, hasa sehemu ya chini, pale wengi tunapoita kiuno.

Nikizunguka kwenye mashamba ya nyanya na vitunguu naona jambo lilelile. Kijana wa miaka 27, ana ekari tatu, ana pampu, ana mkopo wa pembejeo, halafu anatembea ameshika kiuno. Ukimuuliza anakujibu, "Kawaida tu afisa, ni kazi." Jioni anapitia duka la dawa, kesho anarudi kuinama.

Siyo kawaida, na siyo ugonjwa wa wazee tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Ndiyo sababu inayoongoza duniani kwa kuwafanya watu washindwe shughuli zao.

Mimi ni afisa ugani, siyo daktari. Ya shambani nayaeleza kwa ninavyoyaona. Ya tiba, msikilize mtaalamu atakayekupima.

Kwa nini kiuno kinauma?

Mgongo wa chini una pingili tano kubwa. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kama mto mdogo unaopunguza mshtuko. Misuli ya mgongo, tumbo na makalio ndiyo inayoushikilia mgongo usiyumbe. Ukiinama saa tatu mfululizo ukipandikiza vitunguu, misuli na kano zinavutwa bila kupumzika. Halafu unanyanyuka ghafla, unabeba ndoo huku umejipinda. Hapo ndipo unasikia "kach!"

Tupige hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Bomba la lita 16 likijaa ni kilo 16, bado uzito wa bomba lenyewe. Kama ekari yako inakula mabomba 12, umebeba kilo 192 za maji, na kila bomba umelinyanyua kutoka chini. Mfuko wa mbolea ni kilo 50. Na lumbesa je? Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na hata hizo 100 siyo mzigo wa mtu mmoja. Lumbesa inakuibia mara mbili: mfukoni na mgongoni.

Habari njema ni kwamba takriban asilimia 90 ya maumivu haya hayatokani na ugonjwa maalumu wala kuvunjika kitu. Ndiyo maana mara nyingi huhitaji kukimbilia eksirei siku ya kwanza.

Kuna swali vijana wa kiume wananiuliza kwa kunong'ona: kiuno kikiuma, nguvu za kiume zinakwisha? Maumivu ya kawaida ya misuli hayaziondoi. Usikubali kuuziwa dawa za stendi kwa hofu hiyo.

Fiziotherapia ni nini hasa?

Wengi wanadhani ni kukandwa tu. Kukandwa kunaweza kuwepo, lakini siyo kazi yenyewe. Mtaalamu anakuuliza maumivu yalianzaje, anaangalia unavyoinama, anapima nguvu na hisia za miguu. Kisha anakupangia mazoezi yanayokufaa wewe na kukufundisha namna ya kufanya kazi bila kujiumiza. Kwa hiyo ukifika usiseme "mgongo unauma" ukanyamaza. Sema: napiga mabomba 12 kwa siku, napalilia kwa jembe fupi, nikikaa kwenye bodaboda maumivu yanashuka mguuni. Hayo ndiyo anayoyataka.

Huduma hii ipo kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili na KCMC Moshi, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa. Anzia hospitali ya wilaya yako, uliza wanapotoa fiziotherapia.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu ya mgongo wa chini ya muda mrefu. Umependekeza mazoezi na elimu kwa mgonjwa, na haukupendekeza mikanda ya mgongo kama tiba ya kawaida. Kulala kitandani wiki nzima nako hakusaidii; misuli inazidi kulegea. Vidonge vya kutuliza kama diklofenaki vina nafasi yake kwa muda mfupi na kwa ushauri. Ukivimeza kila siku, tena unashinda juani bila maji ya kutosha, unahatarisha tumbo na figo.

Mkulima mmoja wa vitunguu katani kwangu alikwenda fiziotherapia baada ya misimu miwili ya vidonge. Aliniambia kazi ngumu haikuwa hospitali, ilikuwa kufanya mazoezi nyumbani kila siku wakati maumivu yameshapungua. Baada ya miezi miwili alirudi kupiga dawa mwenyewe. Kiuno bado kinamkumbusha akizidisha, ila magunia sasa wanabeba wawili wawili.

Mazoezi mepesi ya kuanzia

1. Lala chali, kunja magoti, nyanyua makalio taratibu, hesabu hadi tano, shusha. Mara 10.
2. Lala chali, vuta goti moja kuelekea kifuani, shikilia kidogo, badili mguu. Mara 5 kila upande.
3. Piga magoti, weka viganja chini. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, kisha badili. Mara 8 kila upande.
4. Ukiwa shambani, simama, weka mikono kiunoni, jiegemeze nyuma taratibu. Mara 5, kila baada ya nusu saa ya kuinama.

Zoezi likiongeza maumivu au kuyapeleka mguuni, acha na umuulize mtaalamu.

Badilisha kazi, siyo mwili tu

- Jazia bomba juu ya meza au kichanja cha usawa wa kiuno, uvae mikanda ukiwa umesimama. Mikanda yote miwili, siyo bega moja.
- Weka mpini mrefu kwenye jembe. Mpini mfupi ndio unaokukunja.
- Beba ndoo mbili nusu nusu, mkono huku na huku, kuliko moja iliyojaa.
- Kunyanyua mzigo: usogelee, kunja magoti, ubane karibu na kifua. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usijipinde kiuno.
- Chambua na panga mazao juu ya meza, siyo chini.
- Nunua toroli. Ni gharama ya mara moja, na vibarua wako nao wana migongo.
- Badilisha kazi ndani ya siku. Asubuhi kupandikiza, mchana kazi ya kusimama.

Ukiona haya, usisubiri mavuno

Nenda hospitali siku hiyohiyo kama mkojo au haja kubwa inatoka bila kujizuia au mkojo unagoma, sehemu za siri na mapaja ya ndani yamekufa ganzi, mguu unaishiwa nguvu, au umeanguka vibaya. Nenda mapema pia kama maumivu yanakuja na homa, jasho la usiku au kupungua uzito. Kifua kikuu kinaweza kushambulia uti wa mgongo, na wafugaji na wanaokunywa maziwa mabichi wakumbuke kuna brusela, nayo inaleta homa na maumivu ya mgongo.

Ukipanga bajeti ya msimu ujao, weka mstari wa toroli, meza ya kuchambulia na nauli ya hospitali. Pampu ikileta shida unaita fundi siku hiyohiyo. Mgongo hauna duka la spea.

Kazi njema, tukutane shambani.