Chati ya Rangi na Samaki wa Ziwani

Katika ufuko wa Makoko, mjini Musoma, samaki mmoja aweza kupigwa picha ya video mara tatu kwa siku moja akatokea na rangi tatu. Asubuhi, katika kivuli cha mwamba, huelekea samawati. Adhuhuri rangi zake huwa bayana. Jua linapokaribia kuzama hugeuka kuwa wa dhahabu. Samaki hakubadilika. Kilichobadilika ni nuru.

Binadamu aghalabu hatambui jambo hili, kwa sababu ubongo wake husahihisha rangi bila yeye kujua: shati jeupe huonekana jeupe juani na pia kando ya karabai. Kamera haina ubongo. Mtambo wake wa kujirekebisha hukisia tu. Picha ikijaa maji ya kijani, mtambo hudhani kwamba nuru yenyewe ndiyo ya kijani, nao huongeza wekundu usiokuwapo.

Kwa wachunguzi wa furu kosa hilo si dogo. Aina nyingi za samaki hao hufanana mno kwa umbo, na hutofautishwa kwa rangi za madume. Aina moja ilipewa mwaka 1985 jina la kisayansi la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huo huo wa Mara. Dume lake lina mgongo mwekundu na mbavu za manjano zenye milia myeusi. Jamaa yake aitwaye pundamilia ni wa rangi ya samawati iliyochanganyika na kijivu. Mwaka 1997 wataalamu Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walieleza kuwa maji ya Ziwa Viktoria yanapochafuka, majike hushindwa kuchagua madume kwa rangi, na aina za furu hupungua. Basi mtu akilinganisha video za miaka mbalimbali akaona rangi zimefifia, lazima kwanza ajue kilichofifia ni samaki au ni picha.

Dawa yake ni chati ya rangi. Iliyo mashuhuri zaidi ilielezwa nchini Marekani mwaka 1976 na McCamy, Marcus na Davidson. Ina miraba 24, na rangi ya kila mraba imepimwa na kuandikwa kwa tarakimu. Miraba sita huanzia nyeupe, ikapitia kijivu, hadi nyeusi. Chati hiyo huonyeshwa mbele ya lenzi kwa sekunde chache katika kila kipande cha video, chini ya nuru ile ile imwangazayo samaki.

Kazi inayofuata ni ya kompyuta. Katika kijivu halisi, nyekundu, kijani na samawati hulingana. Tuseme mraba wa kijivu umesomeka nyekundu 150, kijani 120 na samawati 90: nyekundu ya picha nzima itazidishwa kwa 0.8, na samawati kwa 1.33, zote zifikie 120. Kisha miraba ya rangi hutumika kutafuta tarakimu tisa za kurekebisha mchanganyiko wenyewe, kwa kuwa kamera mbili hazioni wekundu kwa namna moja. Hapo ndipo ilipo hekima ya mpango huu: kipande kimoja hakifuatishwi kingine, ambacho huenda nacho kina kosa, bali vyote viwili hurudishwa kwenye chati.

Yapo yasiyotibika. Mraba mweupe ukipata nuru ya kupita kiasi, habari iliyopotea hairudi. Chati nayo huchujuka ikiachwa juani, na vidole vyenye mafuta ya samaki huiharibu upesi.

Chini ya maji mambo ni magumu zaidi. Katika bahari safi, nuru nyekundu ndiyo hutangulia kupotea. Katika maji ya ziwa yaliyochafuka, samawati hutangulia, na kina huachiwa nuru ya manjano na nyekundu. Kanuni za wapiga mbizi wa baharini, kwa hiyo, zaweza kumpotosha mtu wa Musoma. Chati isiyopenya maji hushushwa hadi kina kile kile alichomo samaki, kwa umbali ule ule kutoka kwenye lenzi. Iliyoonyeshwa juu mtumbwini haisemi lolote juu ya nuru ya chini.