Vidonge vya mtoto vyawagawa mke na mume

Wiki hii tuko Majengo, Moshi, kwenye nyumba ambayo kibahasha cha vidonge kimezua kasheshe. Mtoto wa miaka minane ana kifafa. Kliniki kapewa fenobabitoni, anywe kila jioni. Kuanguka kumepungua kabisa. Ila sasa darasani anasinzia, na akichangamka hatulii, anagombana na kila mtu.

"Mwanangu kawa zezeta," analalamika mama. "Bora aanguke mara moja kwa mwezi kuliko kumwona hivi."

Baba hataki kusikia. Ndiye aliyemtoa mtoto motoni siku alipoangukia jiko, kovu lipo hadi leo. "Dawa atakunywa, mama watoto, hata akilala kutwa!" Bibi naye, huko Old Moshi, ana lake: eti mambo ya ukoo, achinjwe mbuzi yaishe.

Mimi naona wote wana hoja (bibi anisamehe). Fenobabitoni si dawa ya jana. Inatibu kifafa tangu mwaka 1912, bei yake nafuu, na daktari wa Kinorwe, Louise Jilek-Aall, aliitumia kule Mahenge, Morogoro, alipoanzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, enzi wagonjwa walipotengwa kwa kuogopwa mate yao. Lakini kwa watoto ina vituko: usingizi, ukorofi, utundu wa kupitiliza. Kwa hiyo mama hakutunga.

Balaa ni kwamba alianza kumpunguzia mtoto kimyakimya. Leo nusu, kesho hakuna. Hilo, akina mama, ni hatari kuliko usingizi wenyewe! Dawa hii ikikatwa ghafla, degedege linaweza kurudi mfululizo bila mtoto kuzinduka, na hapo anaweza kufa. Huachwa polepole, daktari akisimamia, kwa kawaida baada ya kama miaka miwili bila kuanguka.

Na nani kasema ni kidonge kile au basi? Dozi inaweza kupunguzwa na daktari. Ipo kabamazepini. Ipo valproeti, ingawa kwa mtoto wa kike daktari hufikiri mara mbili, maana akija kupata mimba inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Tatizo ni mfuko, si unajua tena.

Wala wasidhani wako peke yao. Wilaya jirani ya Hai, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulihesabu watoto 38,523 wa miaka 6 hadi 14, ukakuta 112 wana kifafa. Hao ni wazazi wangapi wanaobishana usiku?

Basi kliniki nendeni wote wawili, na daftari mkononi: tarehe alizoanguka, saa anazosinzia, vidonge alivyorukishwa, hata kama ni aibu. Mwalimu wake muulizeni pia. Na akianguka, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumuumiza, msimtie kijiko mdomoni. Likizidi dakika tano, tafuteni gari, mbio hospitali.