Punguza Mwendo Umpite: Fizikia Ndani ya Gemu la Kerbal

Karibu kila anayeufungua mchezo wa kompyuta wa Kerbal Space Program kwa mara ya kwanza huunda roketi nene, huisimamisha wima, hubonyeza kitufe cha nafasi na kungoja kufika angani. Roketi hupaa kweli. Mbingu hubadilika kutoka buluu hadi nyeusi, kipimo cha kimo husoma kilomita 80, mchezaji anashangilia. Kisha mafuta yanaisha, namba zinaanza kurudi nyuma, na dakika chache baadaye chombo pamoja na rubani wake wa kijani vinaipiga ardhi si mbali na pale vilipoondokea. Kompyuta haina kosa. Imefuata kanuni za Newton hatua kwa hatua.

Tatizo ni kudhani kwamba anga za juu hufikiwa kwa kupanda. Kupanda ndiyo kazi ndogo. Kazi kubwa ni kupata kasi ya kwenda pembeni, kasi ambayo chombo kinapoanguka, uso wa sayari nao unakuwa umeshapinda na kukikwepa, hivyo kuanguka huko hakuna mwisho. Hiyo ndiyo obiti. Marekani yenyewe ilizipitia ngazi hizi mbili moja baada ya nyingine. Tarehe 5 Mei 1961 Alan Shepard alirushwa na roketi ya Redstone hadi kimo cha zaidi ya kilomita 180, na baada ya robo saa akawa ameshaanguka katika bahari ya Atlantiki. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu, na sehemu ya njia yake ilipita chini ya kimo kile alichofika Shepard. Tofauti yao haikuwa kimo. Glenn alibebwa na Atlas, roketi yenye nguvu zaidi kwa mbali, na nguvu hizo karibu zote zilikwenda kwenye kasi ya pembeni.

Mchezo huu ulizaliwa mahali ambapo hakuna aliyepatarajia. Kampuni ya Squad ya Mexico City ilikuwa ikifanya kazi za masoko, haikuwa ya michezo ya kompyuta. Mmoja wa wafanyakazi wake, Mbrazili Felipe Falanghe, alikuwa na wazo alilolibeba tangu ujana, enzi alipotengeneza vijisanamu vya karatasi ya aluminiamu, akaviita Kerbal na kuvifunga kwenye fataki. Toleo la kwanza lilitolewa kwa umma Juni 2011; toleo lililohesabiwa kuwa kamili, Aprili 2015. Katikati hapo, mwaka 2014, NASA ilishirikiana na Squad kuingiza mchezoni zoezi la kukamata asteroidi na kuihamisha. Shirika la anga la Ulaya, ESA, lilifuata mwaka 2020 kwa kuongeza safari zilizofanana na zile za vyombo vyake Rosetta na BepiColombo.

Sayari ya nyumbani huitwa Kerbin. Nusu kipenyo chake ni kilomita 600, chini ya sehemu ya kumi ya Dunia, lakini mvutano kwenye uso wake ni uleule wetu. Sayari halisi ya namna hiyo ingehitaji kuwa na msongamano zaidi ya mara mbili ya metali nzito kuliko zote, jambo lisilowezekana. Waundaji walilijua hilo na wakaliacha makusudi. Kwa udogo huo, obiti ya chini hudai mita 2,250 hivi kwa sekunde badala ya 7,800 za Dunia, na mwanafunzi anaweza kuruka, kulipuka, kurekebisha na kuruka tena kabla chai haijapoa.

Urekebishaji huo hufanyika karakanani, na hapo ndipo safari nyingi huamuliwa. Chukua chombo kidogo: chumba cha rubani mmoja, parachuti, tangi dogo la mafuta na injini iitwayo Terrier. Vyote pamoja vina uzito wa takriban tani 3.7, na kati ya hizo tani 2 ni mafuta. Kwenye utupu, chombo hicho kinaweza kujibadilishia kasi kwa jumla ya mita 2,640 hivi kwa sekunde kabla tangi halijakauka. Ongeza tangi la pili lililo sawa na la kwanza. Mafuta sasa ni mara mbili, ila uwezo umefika 3,790 tu. Weka la tatu: 4,460. Tangi la kwanza lilileta 2,640, la pili 1,150, la tatu chini ya 700. Mafuta yanayoongezwa yanamalizia sehemu kubwa ya nguvu zao katika kuyasukuma mafuta mengine pamoja na mabati ya matangi yaliyoyabeba.

Kanuni hiyo ilichapishwa mwaka 1903 na Mrusi Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule, kabla dunia haijawahi kuona hata roketi moja ya mafuta ya kimiminika. Dawa ya mzigo huo wa mafuta ni kugawa roketi katika vipande na kukitupa kila kimoja kinapokauka. Saturn V, iliyowapeleka watu mwezini, iliondoka na uzito wa karibu tani 2,900. Kilichorudi Duniani ni chumba kimoja cha tani tano na kitu.

Karakana ina vitufe vitatu vidogo ambavyo wanaoanza huvipuuza. Kimoja huonyesha mpira wa manjano pale uzito wote unapokutana. Kingine mpira wa buluu pale hewa inapoishika roketi. Cha tatu huonyesha mpira wa zambarau pale injini zinaposukumia. Roketi ambayo mpira wake wa buluu uko juu ya ule wa manjano itapinduka. Haitapinduka kwenye kiwanja cha kurushia. Itangoja ifike kilomita sita au saba, mwendo ukishakolea na hewa ikiwa bado nzito, ndipo igeuke kichwa chini mkia juu. Mchezaji atapigana na vitufe vya W, A, S na D bila mafanikio. Mapezi manne madogo chini kabisa yanatosha kulimaliza tatizo, lakini yanapaswa kuwa yamefungwa kabla ya safari.

Kiwanja chenyewe kimewekwa kwa hesabu. Kipo karibu kabisa na ikweta, kwenye ufuko wa mashariki, na roketi zote za kawaida huinama kuelekea baharini. Kerbin huzunguka kwenda mashariki, hivyo roketi huondoka tayari ikiwa na mita 175 kwa sekunde za bure. Duniani, zawadi hiyo kwenye ikweta ni mita 465 hivi kwa sekunde, na Afrika Mashariki imewahi kuitumia. Pwani ya Malindi, takriban nyuzi tatu kusini mwa ikweta, Waitaliano walisimamisha jukwaa la San Marco juu ya maji, na kati ya mwaka 1967 na 1988 wakarusha setilaiti kwa roketi za Scout, zenye vipande vinne vya mafuta magumu. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliondokea hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyojengwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ikapewa jina Uhuru. Anayetazama roketi ya Kerbal ikiinama juu ya bahari anatazama mantiki ileile iliyowapeleka wahandisi wa Roma hadi pwani ya Malindi.

Chombo kikishaingia kwenye obiti, hakuna hewa ya kukamatwa na mapezi. Kugeuza pua hufanywa kwa magurudumu mazito yanayozungushwa ndani ya chombo: gurudumu likienda upande mmoja, chombo huenda upande wa pili. Darubini ya Hubble hugeuka hivyo. Hapa mchezo umewapendelea wachezaji kupita kiasi, maana magurudumu yake hayachoki wala hayavunjiki. Darubini ya Kepler, iliyokuwa na manne, ilipoteza moja mwaka 2012 na jingine 2013, ikashindwa kutulia. Wahandisi waliinusuru kwa kuipanga ili msukumo hafifu wa mwanga wa Jua usaidie kuishikilia.

Kugeuka, hata hivyo, si kwenda. Jambo linalowatoa jasho wachezaji wote, hodari na dhaifu, ni kukutana na chombo kingine.

Tarehe 3 Juni 1965, rubani James McDivitt wa Gemini 4 aliliona pande la roketi lililomfikisha angani likielea mbele yake. Mpango ulikuwa kulisogelea. McDivitt alifanya ambacho rubani yeyote wa ndege angefanya: alielekeza pua kwake na kusukuma. Pande likazidi kwenda mbali na kushuka. Akasukuma tena. Karibu nusu ya mafuta ilipoisha, jaribio likaachwa. Aliyesukuma mbele alikuwa ameipanua obiti yake, na obiti pana huzungukwa polepole. Ni kama mbio za uwanjani: wa mstari wa ndani ana safari fupi, na hapa ana miguu yenye kasi zaidi pia. Chombo kilicho kilomita 400 juu ya Dunia huizunguka kwa saa moja na nusu hivi. Setilaiti za televisheni, zilizo karibu kilomita 36,000 juu, huchukua siku nzima. Kwa hiyo anayetaka kumfikia aliye mbele hupunguza mwendo, hushuka, humpita kwa chini, kisha huongeza mwendo ili apande tena.

Edwin Aldrin, ambaye wengi humfahamu kwa jina la Buzz, aliandika tasnifu yake ya udaktari katika chuo cha MIT mwaka 1963 kuhusu jambo hilihili. Desemba 1965 Gemini 6A na Gemini 7 zikasogeleana hadi sentimita 30 hivi.

Kwenye Kerbal, mchezaji hubonyeza M, ramani hufunguka, huweka alama kwenye mstari wa njia yake na kuivuta kidogo kidogo hadi mstari wa nukta ukutane na wa chombo kingine. Kisha hungoja. Dakika ishirini za kungoja, sekunde nne za injini. Mwishoni, vyombo vikiwa mita chache tu mbali, huacha injini kubwa na kutumia vijipulizo vya gesi kwa vitufe vya I, J, K na L, mwendo ukiwa sentimita ishirini kwa sekunde. Mwenye pupa hugonga, huruka nyuma, na kuanza upya.

Hesabu za mchezo zina mipaka yake. Kompyuta hukichukulia chombo kuwa kinavutwa na jirani mmoja tu kwa wakati: ama Kerbin, ama mwezi wake uitwao Mun, ama jua. Ndiyo maana ndani yake huwezi kuegesha darubini pale mvutano wa Jua na wa Dunia unaposhirikiana, sehemu ambayo James Webb imewekwa, kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani. Zamani kulikuwa na kasoro nyingine iliyochekesha: kadiri chombo kilivyokwenda mbali, namba za kompyuta zilipungukiwa na usahihi, viungo vikaanza kutetemeka, na meli nzima ikajirarua bila sababu. Wachezaji walimsingizia zimwi la baharini, Kraken. Waundaji walilidhibiti kwa kugeuza mambo: chombo kikabaki karibu na kitovu cha hesabu, na ulimwengu wote ukasogezwa kukizunguka.

Toleo la pili la mchezo, lililoanza kuuzwa Februari 2023 kabla ya kukamilika, halikufika mbali, na studio iliyokuwa ikiliunda ikafungwa mwaka uliofuata. Anayetaka kujifunza achukue lile la kwanza. Na akishaimudu obiti asikimbilie kutua Mun, ingawa ndiyo iliyo karibu. Aende Minmus, mwezi mdogo ulio mbali zaidi. Kufika huko hudai mafuta zaidi kidogo, lakini mvutano wake ni sehemu ya ishirini tu ya ule wa nyumbani, kuna tambarare pana, na chombo kilichojengwa vibaya bado kinaweza kutua salama.