Kadi ya Grafiki Inayochemsha Haijafa

Kadi ya grafiki ikianza kuchemsha, hukumu hutolewa haraka: imeungua, nunua nyingine. Mara nyingi hukumu hiyo ni ya uonevu. Kadi iliyoungua kweli haiwaki kabisa, au inaonyesha mistari na madoadoa tangu kompyuta inapowashwa. Ile inayoanza mchezo vizuri, kisha baada ya dakika chache ikakwamakwama huku feni zikivuma kwa nguvu zote, inafanya kile ilichoundwa kufanya. Chipu yake inajipima joto, na inapokaribia kikomo, ambacho kwa kadi nyingi kiko karibu na nyuzi 90 za Selsiasi, inapunguza kasi ili isijiunguze. Chipu ni nzima. Joto lake ndilo halipati njia ya kutoka.

Njia yenyewe ni kazi ya ufundi mkubwa. Juu ya chipu hukaa bamba la shaba, na kwenye bamba hilo huanzia mirija ya shaba inayopenya katikati ya mapezi membamba ya alumini. Wengi hudhani mirija hiyo ni shaba tupu iliyojaa. Sivyo: ndani ina uwazi wenye maji kidogo sana, na hewa ilinyonywa kabla ya mrija kuzibwa. Kwa kuwa hakuna hewa ya kuyakandamiza, maji hayo hayangoji nyuzi 100. Huchemka hata kwenye nyuzi 40. Upande wa chipu yanageuka mvuke, na kila gramu moja inayogeuka huondoka na takriban juli 2,400 za joto. Mvuke unakimbilia upande wa mapezi, unaacha joto lake huko na kuwa maji tena. Ukuta wa ndani umetandazwa unga wa shaba uliochomwa hadi ukashikamana, na vitundu vyake huyavuta maji kuyarudisha kwenye chipu, hata kwa kuyapandisha, kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Hakuna pampu wala kitu kinachosagika. Richard Gaugler wa General Motors alipata hataza ya wazo hili nchini Marekani mwaka 1944, lakini halikushika hadi 1963, George Grover na wenzake wa maabara ya Los Alamos walipolibuni upya kwa mitambo ya umeme ya vyombo vya angani.

Mirija hiyo haiharibiki kirahisi. Zipo kasoro za kiwandani, kama ile ya Januari 2023, kampuni ya AMD ilipokiri kwamba baadhi ya kadi zake za RX 7900 XTX zilitoka na maji pungufu katika vipoozeo vyake vya mvuke. Lakini kwa kadi iliyofanya kazi vizuri miaka mitatu au minne kisha ikaanza kuchemsha, pa kutazama kwanza ni kwenye ncha mbili za njia. Ncha ya juu ni mapezi, ambako vumbi na nyuzi za nguo hufumana hadi feni inapuliza ukuta. Ncha ya chini ni pesti iliyo kati ya chipu na bamba. Nyuso hizo mbili, hata ziwe laini namna gani kwa macho, hugusana kwa vinundu tu. Panapobaki panajaa hewa, na shaba hupitisha joto mara 15,000 hivi zaidi ya hewa tuli. Kazi ya pesti ni kuifukuza hewa hiyo. Chipu na shaba hutanuka kwa viwango tofauti, kwa hiyo kila zinapopata moto na kupoa pesti husukumwa pembeni kidogo kidogo, hadi katikati, penye moto zaidi, pakabaki pakavu.

Wapo watakaosema tatizo ni joto la kwetu. Tupige hesabu: kadi inayofika nyuzi 70 katika chumba cha nyuzi 22 Nairobi itafika 80 hivi katika chumba cha nyuzi 32 Dar es Salaam, feni zikiwa na kasi ileile. Hiyo bado iko ndani ya kikomo. Kinachoiua ni kompyuta kufungiwa kabatini au kufunikwa kitambaa cha kufuma wakati inafanya kazi. Wengine husema kadi mpya haitachemsha. Lakini kadi ya GTX 1060 ya 2016 ilikula wati 120, na RTX 4090 ya 2022 inakula hadi 450; kabati lililoishinda ya kwanza litaweza nini kwa ya pili? Kuna na wanaoioka kadi kwenye oveni ili lehemu iyeyuke na kushika upya. Lehemu ya siku hizi isiyo na risasi huyeyuka karibu na nyuzi 217, na waokaji wengi huishia 200. Kadi chache hufufuka kwa siku kadhaa, kisha hufa, na oveni ya chakula imeshaingia sumu.

Dawa halisi ni nafuu. Kama dhamana bado ipo, irudishwe dukani bila kufunguliwa. Kama imekwisha, vumbi lipulizwe huku feni imeshikwa isizunguke. Pesti ya zamani ifutwe kwa spiriti, mpya ipakwe tabaka jembamba lifunike chipu nzima, na skrubu zikazwe kwa mshazari, kidogo kidogo. Vipande laini vinavyogusa chipu za kumbukumbu vikibadilishwa, unene uwe uleule, la sivyo bamba litaning'inia bila kuigusa chipu kuu. Baada ya hapo volti inaweza kupunguzwa kwa programu: sehemu kubwa ya matumizi ya chipu hufuata mraba wa volti, kwa hiyo kushusha asilimia 10 hupunguza sehemu hiyo kwa takriban asilimia 19, kasi ikiwa ileile.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Inaniuma kwamba ndani ya taka hizo zimo kadi zilizokosa pesti tu. Kadi ya 2016 iliyosafishwa bado inatosha kuhariri video za harusi, kuchora ramani za nyumba, kujifunzia programu ya Blender, kurusha ibada mtandaoni, kucheza mpira wa kompyuta na watoto.