Usalama na Ulinzi: Mfano wa Visiwa vya Pasifiki

Wafasiri wa hati za kimataifa huyatumia maneno usalama na ulinzi kana kwamba ni pacha, kila moja likishika zamu ya mwenzake. Chanzo ni kuwa neno la Kiingereza wanalolifasiri mara nyingi ni moja tu. Lakini kwetu maneno haya hayalingani. Ulinzi umetokana na kitenzi linda. Penye ulinzi hapana budi pawe na mlinzi, mwenye kulindwa, na adui anayehofiwa. Usalama ni hali tu. Mtu aweza kuwa salama bila ya mlinzi, na aweza kulindwa usiku kucha asiwe salama.

Tofauti hii si ya kamusini tu. Mwezi Septemba 2018, huko Nauru, viongozi wa Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki walipitisha Azimio la Boe. Walitamka kwamba mabadiliko ya tabianchi ndiyo tishio kubwa kuliko yote kwa riziki, usalama na ustawi wa watu wao. Adui wa namna hiyo hana bendera wala jeshi: ni bahari inayopanda, na maji ya chumvi yanayoingia visimani na mashambani. Mfasiri atakayeandika hapo "ulinzi wa kanda" atakuwa amewafanya watu hawa waombe manowari, ilhali hawakuziomba.

Madola ya nje hulitumia neno lile lile kwa maana nyingine. Visiwa vya Solomon vilipotia sahihi mapatano ya usalama na China mwezi Aprili 2022, hofu ya Marekani na Australia ilikuwa kituo cha majeshi, jambo ambalo serikali ya Solomon ililikanusha. Australia yenyewe ni mwanachama wa Jukwaa na ililiafiki Azimio la Boe. Hata hivyo, mwaka 2021 ilitangaza pamoja na Uingereza na Marekani mpango wa kupata nyambizi zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Wenyeji wa Pasifiki wana sababu ya kushtuka wasikiapo neno nyuklia. Kati ya 1946 na 1958 Marekani ilifanya majaribio 67 ya silaha hizo katika Visiwa vya Marshall, na watu wa Bikini walihamishwa kwao. Majaribio yale yalifanywa kwa ajili ya ulinzi. Usalama wa waliohamishwa ndio uliopotea. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa maneno haya mawili kugeuka kuwa kinyume.

Mkataba wa Falepili kati ya Australia na Tuvalu, uliotiwa sahihi Novemba 2023 na kuanza kutumika Agosti 2024, umezibeba maana zote mbili. Falepili ni neno la Kituvalu, nalo laweza kufasiriwa vyema kwa ujirani mwema. Watuvalu hadi 280 kwa mwaka wanapewa nafasi ya kwenda kuishi Australia. Kwa upande wake, Tuvalu haina ruhusa ya kupatana na dola nyingine juu ya mambo ya usalama na ulinzi, pamoja na bandari, simu na nishati, bila ya kuafikiana kwanza na Australia. (Kwetu jirani mwema huazima chumvi, haulizi ni mgeni gani mwingine utakayemlaza.)

Twapendekeza ulinzi litengwe kwa majeshi, silaha na doria, na usalama libaki kwa hali pana. Majina yaliyokwisha kuzoeleka, kama Baraza la Usalama na Wizara ya Ulinzi, yasiguswe. Mkataba unapotaja yote mawili, mfasiri asifupishe. Akiwa na shaka, na aulize: nani analindwa, na dhidi ya nani? Asipopata jibu ndani ya hati, aandike usalama.

Limebaki tatizo la usalama wa chakula, ambalo hutumiwa kwa chakula kisichodhuru na pia kwa chakula kisichokosekana. Kwa maana hii ya pili, uhakika wa chakula lafaa zaidi.