Suheli, Nyota ya Kusini

Februari, kati ya saa tatu na saa nne usiku, mtu aliyeko Dar es Salaam akielekea kusini ataona nyota nyeupe, kali, karibu katikati ya upeo wa bahari na utosi. Wanafalaki huiita Canopus na kuiweka katika kundinyota la Mkuku. Waarabu waliiita Suhayl. Kwenye pwani yetu ikawa Suheli. Kwa mng'aro inazidiwa na Sirius tu.

Tena Sirius inashinda kwa ujirani. Yenyewe iko umbali wa miaka nuru 8.6, Suheli kama 310. Hili ni jitu lenye upana wa takriban Jua 70, linalotoa nuru ya zaidi ya Jua 10,000. Nuru yake tunayoiona leo ilianza safari mwanzoni mwa karne ya 18, si muda mrefu baada ya Waomani kuitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698.

Na Waomani hao waliijua vizuri. Maskati, hata ikifika juu kabisa, Suheli haizidi nyuzi 14 hivi. Nuru yake hupita katika hewa nzito na kumetameta kwa rangi. Jahazi likisukumwa na kaskazi kuja huku, nyota hupanda usiku hadi usiku, mpaka nyuzi 44 Dar es Salaam. Dira ya mabaharia wa Kiarabu ilikuwa na mawio ya Suheli na machweo yake, na kwa Kiswahili suheli ikawa pia kusini.

Nchi za Ghuba huitumia kama kalenda. Jua huificha kwa miezi, kisha mwishoni mwa Agosti huchomoza alfajiri, na watu huanza kuhesabu siku kumi kumi wakisubiri joto lipungue. Kwetu hesabu hiyo isingefaa: tuko kusini mno, hata mwishoni mwa Juni Suheli huchwa baada ya Jua na kutoka kabla yake.

Mwaka 1964 Wamarekani waliituma Mariner 4 kwenda Mirihi. Jua peke yake halikutosha kukiongoza chombo, kwani kingeweza kulielekea huku kikizunguka kama pia. Ilitakiwa nyota angavu iliyo mbali na njia ya Jua, nayo ikawa Suheli. Kihisio kilinasa kwanza nyota nyingine, kosa ambalo nahodha wa Kiomani asingelifanya, kisha kikaipata. Julai 1965 zikaja picha za kwanza za Mirihi zilizopigwa kwa karibu.