Sheria Impe Mwalimu wa Gredi ya Kwanza Mshauri, Si Fomu Peke Yake

Kuanzia 2016, Tume ya Kuwaajiri Walimu nchini Kenya, TSC, imewataka walimu wa shule za umma wajaze TPAD, tathmini ya utendakazi inayotegemea kanuni za walimu za 2015. Mwalimu hujipa alama, kisha msimamizi wake akampa zake. Mwaka mmoja kabla, mpango wa Tusome ulikuwa umeingia katika madarasa ya chini: kila mtoto na kitabu chake, mwalimu na mwongozo wa kila somo, na afisa wa mtaala anayeketi darasani na kishikwambi, akawasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha akajadiliana na mwalimu. TPAD ina nguvu ya kanuni. Tusome ilikuwa mradi uliogharimiwa na Marekani na Uingereza, na mradi huisha.

Hapo ndipo sheria ilipokosea, kwa sababu ushahidi uko upande wa mradi. Katika PRIMR, jaribio lililotangulia Tusome, shule ziligawanywa: baadhi zilipata mafunzo na washauri tu, nyingine zikaongezewa vitabu vya kila mtoto, na nyingine zikaongezewa pia miongozo ya walimu. Watoto wa kundi hili la mwisho ndio waliofanya vizuri zaidi. Haishangazi. Kusoma hufunzwa kwa mpangilio: mtoto asikie sauti, aijue herufi yake, aunde silabi, aunde neno, na akikwama kwenye “mba” au “ng’o” mwalimu agundue siku hiyo hiyo. Fomu ya mwisho wa muhula haimsikii mtoto huyo.

Wapo wanaosema bila tathmini mwalimu mtoro atastarehe. Hoja hiyo ni nzito: utafiti wa Benki ya Dunia wa 2012 ulionyesha kwamba mara nyingi mwalimu yupo shuleni lakini hayumo darasani. Hata hivyo, afisa anayefika darasani humwona mtoro upesi kuliko karatasi. Wengine huhofia kwamba mwongozo humfanya mwalimu kasuku. Kwa mwalimu mzoefu huenda ukambana, na aruhusiwe kuupita. Lakini mwenye watoto hamsini na zaidi hupunguziwa mzigo wa kutunga kila somo peke yake. Gharama ya usafiri wa maafisa nayo ni ya kweli, na ndiyo sababu inafaa iwe kwenye bajeti ya serikali. Kanuni zitaje idadi ya ziara ambazo kila mwalimu wa gredi ya kwanza hadi ya tatu anastahili kila muhula, na usomaji wa watoto uliosikika siku hiyo uingie katika tathmini yake.